Picha Saba za Uso Wake

Mimi huhariri video za watu: ndoa, ubatizo, mahafali, misiba. Chumba changu kiko Mabatini, nyuma ya duka la vifaa vya umeme, na upande wa mbele nimeweka kompyuta mbili ambazo vijana huja kuchezea magemu mchana kutwa. Nasema haya mapema ili mtu asidhani niliharibu kwa kutojua kazi. Kazi naijua vizuri mno.

Kwa miaka mingi nilikuwa na kompyuta ya mezani yenye kigugumizi. Ukiipa video ya kamera kubwa inaonyesha picha moja, inaganda, inaruka, inaganda tena. Bibi harusi anabaki mdomo wazi, keki haijamfikia. Sisi wenye mashine dhaifu tulikuwa na desturi yetu: kabla ya kuhariri unatengeneza nakala nyepesi ya kila kipande, ndogo na yenye ukungu, unafanyia kazi hiyo nakala, na mwishoni kabisa ndipo kompyuta inachukua picha ghafi zenyewe, kama zilivyotoka kwenye kamera, na kutoa video kamili. Nakala hizo zilijazana kwenye diski kama takataka, hakuna aliyekumbuka kuzifuta. Nilizichukia. Leo ningepiga magoti nipate moja.

Kisha nikapata kadi ya grafiki ya kuendeshea picha ndani ya kompyuta, iliyokwisha kutumika lakini yenye nguvu. Fundi aliyeniuzia alisema, "Dada, hii haijui kukwama." Na kweli haikujua. Vijana walipofungua gemu la mpira, majani ya uwanja yalihesabika, jasho la mchezaji likaonekana linashuka shingoni. Walipiga kelele hadi mwenye duka akaja kuuliza nani kafa.

Mimi nilichanganyikiwa zaidi kwenye video. Kulikuwa na kazi ambayo mashine ya zamani isingeiweza hata kwa wiki: kulainisha uso. Programu inautafuta uso kwenye kila picha, inaufuata unapogeuka, inafuta chunusi, makunyanzi na madoa. Kwa kadi mpya hayo yote yalifanyika papo hapo, macho yangu yakiona. Ulimbukeni ni ugonjwa, na mimi ulinilaza kabisa.

Kazi iliyokuwa mezani siku hiyo ilikuwa ubatizo wa mtoto wa mdogo wangu. Tulifanyia sherehe kwa mama, Pasiansi, chini ya turubai lililokuwa likipigwa na upepo wa ziwa mpaka sauti ya katekista haikusikika. Mdogo wangu alisimama na mtoto mkononi, akawashukuru wageni, akamtania mumewe, akalia kidogo, akacheka.

Alikuwa na kovu. Lilianzia juu ya jicho la kushoto likashuka mpaka shavuni. Nilimsukuma mimi, tukiwa watoto, kwenye shamba la pamba la mama kule Magu, tukigombea nani abebe dumu dogo la maji. Akaangukia jembe. Sijawahi kumtazama usoni nisilione lile jembe. Kwa hiyo nikikuambia nililainisha uso wake ili kuijaribu kadi mpya, nakuambia nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba nilifurahi kuliona kovu likipotea. Nilifurahi sana, Mungu anisamehe.

Alipita Mabatini siku mbili baadaye, mtoto mgongoni, nikamwonyesha. Akatazama, akakisogelea kioo, akaanza kucheka.

"Dada, huyu mrembo umemtoa wapi?"

"Si wewe huyo."

"Mimi? Acha utani. Nirudishie sura yangu. Mtoto akikua asije akanitafuta akanikosa."

"Kesho," nikamwambia.

Ilikuwa kazi ya kubonyeza kitufe kimoja. Ukiwa bado na picha ghafi, urembo wowote unauondoa na uso unarudi ulivyokuwa. Lakini kesho yake nilikuwa na harusi Sengerema, diski zimejaa, memori za kamera zimejaa. Video ya ubatizo ilikuwa imeshatoka kamili, kwa hiyo nikafuta ghafi zake zote nipate nafasi. Nakala nyepesi hazikuwepo, maana kadi mpya haikuzihitaji. Nilikumbuka ombi lake nikiwa njiani kwenda Sengerema. Nikajisemea nitamwambia nimesahau, atanitukana kidogo, yataisha.

Masika hayakumkuta. Aliugua siku nne, ya tano tukamrudisha nyumbani kumlaza sebuleni kwa mama. Mtoto wake alikuwa hajatimiza mwaka.

Baada ya mazishi mama aliniita pembeni. "Ule mkanda wa ubatizo ni wa huyu mtoto," akasema. "Hana kingine cha kumjulia mama yake. Ulete."

Niliuleta. Ningefanyaje? Tukakaa sebuleni, mama na mimi na shangazi wawili, mtoto akiwa amepakatwa. Turubai likatokea, katekista akatokea, kisha mdogo wangu akasimama na kuanza kushukuru wageni. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akakiinua.

"Sauti ni ya mwanangu," akasema. "Huyu anayesema ni nani?"

Mama akanigeukia. "Kovu lake umelipeleka wapi wewe?"

Nilitoka nje nikasimama karibu na dagaa waliokuwa wakianikwa na jirani, nikalia kwa hasira, hasira ya kujichukia. Tulipekua simu yake. Picha zilikuwa nyingi, lakini kamera ya simu ile ilikuwa ya kulainisha uso yenyewe, bila kuombwa, na kila picha ilikuwa ya yule yule mrembo asiye na kovu. Picha ya kitambulisho ilikuwa nyeupe kama ya aliyemwagiwa unga. Nilijaribu programu za kufufua vilivyofutwa. Zilinirudishia bibi harusi wa Sengerema akikata keki.

Tangu hapo sura ile haikuniacha. Kila mwanamke niliyemhariri alinitazama kwa ngozi ile laini ya yule mrembo. Mchana mmoja kijana mbele yangu alikuwa akicheza gemu la vita, askari wa kike akageuka kwenye kioo, shavu laini lisilo na historia yoyote, nikamwambia kijana azime. Akaniuliza kwa nini. Nikamfokea. Nilikuwa namwogopa mtu niliyemtengeneza mwenyewe.

Mtoto alikuwa na miaka miwili na nusu nilipogundua jambo. Kwa mama video ilikuwa inawekwa karibu kila siku baada ya chakula cha mchana, maana mtoto alishajua kuiomba. Nilikuwa nimekaa naye. Kwenye ile video, mtoto analia na mama yake anageuka ghafla kumtazama. Alipogeuka nikaona kitu kinapita usoni mwake. Nikarudisha nyuma. Kikapita tena.

Nilikwenda nayo Mabatini nikaifungua picha moja moja. Video ina picha ishirini na tano kila sekunde, na kadi ile, sitaisema vibaya, ilizipanga zote bila kukwama. Pale alipogeuka, programu ilikuwa imeupoteza uso wake. Kwa picha saba haikujua uso uko wapi, ikashindwa kulainisha. Na katika picha saba alikuwa yeye. Ngozi yake, jicho lake la kushoto linalofumba kidogo, na kovu. Nilipaza sauti nikamwita kwa jina. Vijana wakageuka wote kunitazama.

Nilichagua iliyotulia zaidi kati ya saba, nikaisafisha ukungu bila kugusa kitu kingine, nikaipeleka kuchapishwa kubwa na kuwekewa fremu. Jumamosi nikaibeba hadi Pasiansi, nimeifunga kwa kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umebeba nini?"

Nikafungua. Mama aliishika kwa mikono miwili. Akapitisha kidole juu ya lile kovu, kutoka juu hadi chini, taratibu. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyu. Ahsante mwanangu." Ilikuwa mara ya kwanza kunishukuru tangu msiba, na nikahisi mgongo wangu umetuliwa mzigo.

Akamwita mtoto, akamkalisha mapajani, akamwonyesha fremu. "Mtazame mama yako."

Mtoto akaitazama. Akamtazama bibi yake, akaitazama tena.

"Siyo mama," akasema.

"Ni mama, mjukuu wangu. Mtazame vizuri."

"Siyo! Huyu ana kidonda." Akaisukuma fremu, akateremka, akaja kwangu akanishika kidole. Akanivuta mpaka mbele ya runinga na kukigonga kioo kwa kiganja, kile kioo cheusi.

"Mama mkubwa," akaniambia, "mwashe mama."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameikumbatia fremu, amenipa mgongo. Mtoto akaanza kulia, akaniomba tena. Nikamwasha.