Sala za Matanga Alizozikataa Eduviges

Eduviges alikuwa na sauti ya kuongoza rozari. Pale kijijini Hojancha mtu akifa, kabla kahawa ya waombolezaji haijachemka, tayari mtu alikuwa ametumwa kumwita. Siku tisa za sala zilikuwa zake; wengine waliitikia tu.

Kwa hiyo watu walishangaa mama mkwe wake, Doña Tomasa, alipofariki na yeye akabaki jikoni akikanda unga wa mahindi.

"Hata mama yangu, Edu?" mumewe Abelino alimwuliza mlangoni, kofia mkononi.

"Mwambie huyo mwanamke wako akamwombee."

"Mwanamke gani tena?"

"Kirusi hakiletwi na upepo, Abelino."

Wiki ile watu wa utafiti wa saratani ya mlango wa kizazi, waliokuwa wakimpima tangu zamani, walimwambia kirusi kinachoileta, kile kinachoambukizwa kwa ngono, kimeonekana tena mwilini mwake. Kilipoonekana mara ya kwanza, miaka ya nyuma, alimlaumu Abelino, kisha akamsamehe baada ya kumwapisha mbele ya Bikira Maria kwamba hana mwanamke mwingine. Sasa aliamini kiapo kile kilikuwa cha uongo. Akakataa kurudi zahanati. Hatavuliwa nguo, alisema, kwa dhambi ya mtu mwingine.

Abelino akahamia kwa dada yake, kwenye matanga. Binamu mmoja akashika rozari, akawa anachanganya majina ya watakatifu mpaka watu wakacheka msibani.

Siku ya tisa nesi Marielos wa utafiti ule alimfuata Eduviges jikoni.

"Mbona unatukimbia, Doña?"

"Kamtibuni Abelino. Yeye ndiye anayeviokota."

"Nisikilize kwanza. Sampuli yako ya zamani tuliihifadhi kwenye barafu. Maabara wamelinganisha virusi vya zamani na vya sasa. Ng'ombe wekundu ni wengi hapa, siyo? Unamjuaje wako?"

"Kwa chapa."

"Basi virusi navyo vina alama zao ndogo ndani. Chapa ni ile ile. Karibu hakuna shaka, hakuna kipya kilicholetwa. Kile cha zamani hakijatoka, na kinachong'ang'ania hivyo ndicho cha kuogopwa. Njoo kesho tukutibu."

"Na cha kwanza alikileta nani?"

"Hilo maabara haisemi. Huenda hata kabla ya ndoa yenu."

Uso ukamwaka Eduviges. Kabla ya Abelino kulikuwa na kijana mmoja aliyekutana naye kwenye sikukuu za Santa Cruz, ambaye hakuwahi kumtaja kwa mtu. Eduviges mwenyewe hakuna aliyemwapisha.

Jioni akaenda msibani, akapiga magoti nyuma kabisa, shela imefunika uso. Binamu akakwama katikati ya litania. Watu wote wakageuka.

"Edu," Abelino akaita taratibu, "mama anasubiri."

Eduviges akasogea mpaka karibu naye.

"Nimekusingizia," akanong'ona. "Na mimi nina langu la kukwambia. Kesho nisindikize zahanati."

"Nitakusindikiza. Anza basi."

Akaanza. Alipofika kwenye jina la Tomasa sauti ikamkatika, na wale waliozoea kuitikia ndio waliomalizia.