Mpiga Pasi Anayekimbia Mahindi

Saa nne kasoro robo asubuhi, siku ya Jumanne. Sufuria ya wanga inatokota nyuma ya chumba cha kupigia pasi, na hakuna anayeikoroga.

Mpiga pasi wa meza ya kwanza anasikia harufu ya kuungua. Anacheka. Kwa miaka tisa mume wake ndiye mpika wanga wa dobi hii, nyumba ya kufulia na kupigia nguo pasi, na hajawahi kuunguza hata kijiko kimoja. "Leo nimempata," anamwambia mwenzake wa meza ya pili. "Leo ni zamu yake kunyamaza."

Anaisimamisha pasi, anafungua mlango wa nyuma, maneno ya utani yakiwa tayari mdomoni. Mume wake amelala kando ya bomba. Ndoo imepinduka, maji yanapita chini ya mgongo wake. Baadaye daktari atasema ni moyo, na kwamba hata angekuwapo mtu pale pale asingeweza kufanya lolote.

Utani ule haukusemwa. "Bado ninao," anasema sasa, wiki sita baadaye. "Sijui niupeleke wapi."

Ana umri wa miaka arobaini na moja. Majirani na wafanyakazi wenzake humwita Bi Pakiti, kwa sababu hanunui kitu bila kukigeuza na kusoma maandishi ya nyuma, yale madogo kama mayai ya chawa. Ana mzio wa mahindi. Kiasi kidogo tu kikimfikia, kwa kula au kwa kuvuta hewa yenye vumbi au mvuke wake, midomo huvimba, ngozi hutoka mabaka, kisha koo huanza kufunga.

"Watu wakisikia mahindi wanafikiria unga," anasema. "Unga ni adui anayekuja na ngoma, unamsikia toka mbali. Mimi naogopa wanaokuja kimya."

Wanaokuja kimya ni wengi. Sukari laini ya kupambia keki. Sosi ya chupa. Pipi. Vidonge vya kichwa, ambavyo hushikanishwa kwa wanga. Gundi ya bahasha. Poda iliyo ndani ya glavu. Pakiti inaweza kuandika neno moja tu, wanga, bila kusema umetoka kwenye nini.

Ameshazoea mzaha. Jirani mmoja aliwahi kumwambia, "Wewe hata kuku wangu anakushangaa." Alimjibu, "Mwambie aje kwangu, fungu langu lote ni lake."

Mume wake alipomchumbia alikuwa mfanyakazi wa mashine ya kusaga nafaka. Alioga kabla ya kwenda kumwona, akabadilisha nguo, na bado haikusaidia. "Unga ulikuwa unanisalimia kabla yake," anakumbuka. "Nikipiga chafya, mama anajua mchumba yuko mlangoni."

Mwezi mmoja kabla ya harusi, mwanamume yule aliacha kazi. Alikwenda kuomba pale dobi, alipokuwa akifanya kazi mchumba wake, akaanza kwa kubeba marobota ya nguo. Wakati huo mashati yalitiwa wanga wa mahindi, na Bi Pakiti alifanya kazi kwenye mashuka, ambayo hayatiwi wanga, akiwa amejifunga kitambaa puani. Mume alimsihi mwenye dobi kwa miaka mitatu aache wanga wa mahindi. Mwishowe alileta shati moja alilolitia wanga wa muhogo alioutengeneza mwenyewe nyumbani, akaliweka mezani lisimame lenyewe. Mwenye dobi alilibonyeza kola kwa kidole. Tangu siku hiyo sufuria ikawa ya mpika wanga, na mke wake akahamia meza ya kwanza, kwenye mashati themanini kwa siku.

Hawakujaliwa watoto. Ndani ya nyumba yao ya vyumba viwili haikuingia punje ya mahindi kwa miaka kumi na miwili.

Iliingia siku ya msiba.

Watu walikuja kama wanavyokuja watu wema, na vyakula vyao. Kufikia saa tisa alasiri, jikoni kulikuwa na magunia mawili ya unga, na wanawake watano wakipepeta huku wakilia. Hakuna aliyekosea. Waliowahi kuambiwa habari za mzio wake walidhani ni suala la kula, na hakuna aliyekuwa akimlazimisha kula.

Mjane alitoka nje akakaa kwenye ngazi ya barazani, upande usiopeperushiwa upepo wa jikoni. Alikaa hapo siku tatu. Alikula ndizi alizomenya kwa mkono wake mwenyewe.

Wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, alimfuata siku ya pili. "Mke wa kaka, watu wanauliza. Ndani kumejaa wanaomlilia mumeo, wewe umekaa nje kama mgeni aliyekosea nyumba."

"Wifi, ndani wanapepeta unga."

"Siku tatu tu. Kaka yangu amekufa, na wewe unaogopa vumbi?"

"Nikiingia mtachimba kaburi la pili. Mtachoka."

Wifi aliingia ndani, akarudi na kiti chenye mgongo, akakiweka pale barazani. Akakaa yeye kwenye ngazi.

Wageni walipoondoka, Bi Pakiti aliwalipa vibarua wawili wasafishe nyumba nzima kwa maji na sabuni, kuta hadi dari. Sufuria zote alizigawa akanunua mpya. Alidhani amemaliza. Kitu kimoja kilibaki kwenye rafu ya juu, kimekunjwa mara nne, cheupe kama siku zote. Ni kitambaa cha pamba ambacho mume wake alichujia wanga.

Wiki ya tatu alirudi kazini. Mwenye dobi, mzee mpole ambaye wafanyakazi humwita Bosi hata akiwa hayupo, alimpa pole kisha akamuuliza la muhimu: nani sasa atapika wanga?

"Mimi," alisema. "Nimemwona akifanya kwa miaka tisa."

Jumapili alimenya mihogo, akaikuna, akaikamua ndani ya maji. Akakiteremsha kitambaa, akachuja. Akaacha wanga utuame, akamwaga maji ya juu, akauanika juani chini ya chandarua. Ulikuwa mweupe na laini. Alilia kidogo, anasema, kwa sababu ulitoka vizuri.

Jumatatu aliukoroga, akaupika, akayanyunyizia mashati. Pasi ikagusa kola ya kwanza na mvuke ukampanda usoni.

Shati la tatu, midomo ikaanza kumwasha. Alijiambia ni joto. Shati la tano, koo likakaba.

"Nilidhani ni kilio," anasema. "Wiki tatu koo langu lilikuwa limekaba. Usiku, mchana, nikisikia jina lake, nikiona ndoo. Ningejuaje kwamba hili ni jingine?"

Akaendelea. Shati la sita. La saba. Alikuwa amesimama mahali salama kuliko pote anapopajua, mbele ya wanga wa muhogo alioukamua kwa mikono yake. Mahindi yangetoka wapi?

Aliyeona ni mwenzake wa meza ya pili. Huyu wanamwita Kifungo, kwa kuwa hakuna shati linalopita kwake likatoka bila kifungo. Aliinua macho kuomba maji ya kunyunyizia, akaona shingo ya mwenzake ina mabaka mekundu mpaka masikioni.

"Shoga, hebu nigeukie."

Bi Pakiti akageuka. Alitaka kusema hajambo, ikatoka sauti kama ya bawaba.

Kifungo hakuuliza la pili. Alichomoa pasi zote mbili, akamshika mwenzake kiunoni, akamtoa nje. Zahanati iko mwendo wa dakika kumi na mbili kwa mguu. Bosi aliwapeleka kwa gari lake la kusambazia nguo, mashati ya wateja yakining'inia nyuma, na kwa dakika zile nne za njia hakuna aliyezungumza ila Kifungo, aliyekuwa akihesabu pumzi za mwenzake kwa sauti.

Nesi aliwapokea haraka. Alivuta dawa sindanoni, akachukua glavu mbili kwenye boksi. Alipozivaa, vumbi jeupe likapepea.

"Dada, hizo zina poda," Kifungo akasema.

"Mama, subiri nje tafadhali."

"Sisubiri nje. Huyu ana aleji ya mahindi, na poda hiyo sijui ni ya nini. Na wewe hujui. Zivue, unawe, ndiyo umguse."

Nesi aliangalia boksi. Liliandikwa "zenye poda", basi. Akamwangalia mgonjwa, ambaye hakuweza kusema lakini alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu zote zilizobaki. Akazivua. Akanawa. Akamdunga pajani kwa mikono mitupu.

"Nilikuwa namsikia Kifungo kama niko chini ya maji," Bi Pakiti anasema. "Nikajiambia, kumbe ananisikilizaga. Miaka yote nikisema mambo ya poda alikuwa anaitikia tu 'eeh, eeh' huku anatafuta uzi."

Pumzi ilirudi polepole. Walimweka hadi jioni. Daktari alimwambia alichelewa mno kutoka pale mezani, na kwamba shati la kumi lingeweza kuwa la mwisho.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko ile. Hakujua kilichomdhuru, kwa hiyo kila kitu kilikuwa mshukiwa: mihogo, maji, chandarua, hata sabuni ya kunawia. Alikula viazi vya kuchemsha na chumvi kwa siku sita. Alilala ameegemea ukuta. Bosi alikuja kumwona, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mwanangu, nakuhurumia," alisema. "Lakini nimeshatoa mtu mmoja amekufa nyuma ya mlango ule. Sitaki wa pili. Nitanunua wanga wa pakiti, uliokwisha tengenezwa."

"Wa nini?"

"Wanga."

"Bosi, wa nini?"

Mzee alikuna kidevu.

Jibu lilikuja lenyewe, wiki ya nne. Wifi alikuja na mapapai mawili, akakikuta kitambaa kwenye kamba, akakishika kwa upole.

"Hiki nilikitunza," alisema. "Siku ya pili ya msiba wale wazee wasio na meno waliomba uji, na kila chujio lilikuwa na matundu makubwa mno. Nikachujia hiki. Halafu nikakisuuza kwa maji matupu, mara tatu. Sabuni sikutia hata tone. Kaka alinionya zamani, kitambaa cha wanga hakiguswi na sabuni, wanga utanuka."

Uji ulikuwa wa mahindi.

Bi Pakiti aliyapokea mapapai. Usiku ule usingizi haukumjia, anasema, kwa sababu alimwona wifi yake akisuuza mara tatu, akikunja mara nne, akitimiza agizo la mdogo wake aliyelala chumba cha pili amefunikwa shuka.

Asubuhi alimpigia simu akamwambia yote. "Kumficha kungekuwa huruma," anaeleza. "Lakini huruma ndiyo iliyonifikisha zahanati."

Wifi akauliza, "Kipi kingine nisichokijua?"

Siku hizi huja kila Jumamosi na daftari la mistari. Bi Pakiti anataja, wifi anaandika. Wamefika vitu thelathini na saba. Vingine vinawashinda, kwa kuwa aliyevijua hakuviandika popote. Marehemu alinunua chumvi duka moja tu, la mbali, akipita mengine matatu njiani. Mkewe hakuwahi kumuuliza sababu. Walikwenda wote wawili kumuuliza muuza duka.

"Alikuwa anageuza pakiti tu, kama wewe," muuza duka alisema. "Akachagua hii. Akasema nyingine ina sukari ndani. Mimi nikamwambia, ndugu, chumvi yenye sukari? Akacheka."

Wakaigeuza ile nyingine. Ilikuwa na glukosi, sukari ambayo mara nyingi hutolewa kwenye wanga wa mahindi. Wifi akaandika namba thelathini na nane, akaweka alama ya kuuliza, kwa sababu pakiti haikusema glukosi ya nini.

Mpango wa Bi Pakiti ni sufuria. Amenunua kitambaa kipya, akakifungia kwenye mkebe wenye kufuli. Anataka arudishiwe kazi ya kupika wanga, iwe yake rasmi, na mtu mwingine asiiguse. Bosi hajakataa wala hajakubali. Wanga wa pakiti umeshanunuliwa, katoni mbili, na juu yake pameandikwa "wanga uliosafishwa". Wiki mbili zilizopita alikubali kumwandikia mtengenezaji barua ya kuuliza unatokana na nini. Ukiwa wa mahindi, ameahidi, katoni zitarudi na sufuria itawashwa tena.

"Namwamini," Bi Pakiti anasema. "Ila kuamini hakufungui koo."

Jibu la barua halijafika. Kwa sasa yuko kwenye meza ya mashuka, analipwa theluthi mbili ya alichokuwa akipata. Mashati yamehamishiwa chumba cha pili, anayapiga pasi Kifungo, naye kabla ya kwenda kula mchana na Bi Pakiti hubadilisha gauni na kunawa hadi viwikoni.