Mwanakuu Hakulificha Kombe

Mwanangu Mwanakuu huchora maharusi hina na rangi nyeusi ya piko hapa mtaani kwetu Kibokoni, na mdomo wake hauna breki. Bi harusi akitikisa mguu, humwambia, "Tulia weye, ama utaingia kwa mumeo na mguu wa kuku." Watu hucheka. Mimi mamake sicheki sana, kwa kuwa namjua: neno likimjaa kifuani atalitoa hata mbele ya askari. Ndiyo maana siku ya kesi nilikaa kortini nikiuogopa mdomo wake.

Kesi ilikuwa ya bintiye, Shukri, aliyezaliwa mwaka wa tisini na nne, mzima, akinyonya vizuri. Baada ya arobaini nikaanza kuona utosi umejaa, na vikofia havimwingii. Kisha akawa atapika, na macho yakawa yatazama chini tu, kama atafutaye kitu kilichoanguka. Mwanakuu akampeleka kliniki moja ya kulipia. Daktari akamtazama kutoka upande wa pili wa meza.

"Meno hayo."

Mwanakuu akarudi, akaambiwa: "Kichwa cha ukoo, mama, usiwe na wasiwasi." Akarudi tena, akapewa dawa ya homa. Hakuna aliyekizungushia kichwa kile utepe wa kupimia. Daktari wa hospitali nyingine alipomshika, maji yalikuwa yamejaa kichwani, yameshaubana ubongo. Walimpasua wakamtia mpira wa kuyatoa. Aliishi, alhamdulillahi, lakini macho yake hayaoni.

Tulipowashtaki, kliniki ikajibu kwamba aliyechelewa ni mama, alikuwa akizunguka kwa waganga. Wakili wetu, Joab, mtu wa bara mwenye adabu zake, akatuita ofisini.

"Mama Shukri, wana habari za kombe. Ukiulizwa, sema hukumpa mtoto."

Kombe lilikuwa ni aya tu, mwalimu wa chuo cha dini aliziandika kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, mtoto akanyweshwa. Hapa kwetu nani hakunyweshwa?

"Lakini alikunywa," Mwanakuu akasema.

"Najua. Sema hakunywa."

Nikamfinya ubavuni. "Msikize wakili, mwanangu. Sema hapana, yaishe."

Akajifunika buibui, akatangulia mlangoni.

Kortini, wakili wa kliniki, bibi mmoja kijana, alimwuliza kwa sauti laini kama anayembembeleza.

"Ulimpeleka mtoto kuandikiwa kombe. Kweli, si kweli?"

Joab akainamia karatasi zake. Mimi nikasoma kimoyomoyo kila dua niliyoijua.

"Kweli."

"Kwa hiyo ulikuwa ukitegemea kombe."

"Alikunywa asubuhi, na asubuhi hiyohiyo nikambeba hadi kwa daktari wako, akaniambia meno. Kombe halikunifunga miguu, bibi. Nyinyi ndio mlionirudisha nyumbani."

Watu wakaguna. Hakimu akamwambia ajibu alichoulizwa tu.

"Nimejibu, mheshimiwa. Naye daktari naomba aulizwe: alikipima kichwa cha mwanangu?"

Nikafumba macho. Nilidhani atatolewa nje. Lakini daktari alipopanda kizimbani, Joab alimwuliza lilo hilo.

"Hakukuwa na dalili ya kunifanya..."

"Ulikipima?"

"Hapana."

Nje, Joab alikuwa akijifuta jasho. "Mama Shukri, leo ungeniua."

"Ningesema uongo wa kombe, nani angeniamini la kichwa?"

Kabla ya hukumu, kliniki ikatuma mtu: watatoa pesa, mradi Mwanakuu atie sahihi kwamba hakuna aliyekosea. Nilimwomba akubali. Shukri atahitaji shule ya wasioona, na sisi ni watu wa hina.

"Mama," akaniambia, "wataka niandike kwamba macho ya mwanangu yaliondoka yenyewe?"

Mtu yule akarudi na karatasi yake nyeupe.

Hakimu akaamua kwamba kliniki ilizembea. Nililia pale pale. Lakini Joab alitujia Kibokoni na habari kwamba wamekata rufaa, na rufaa huchukua miaka. Mwanakuu alikuwa na mguu wa bi harusi mapajani. Hakuinua kichwa.

"Waambie wasiharakishe," akasema. "Shukri atakuwa mkubwa. Atakuja mwenyewe awasikize wakisema hawakumpima."

Bi harusi akaacha kabisa kutikisika.