Boma la Maji la Priscilla

Hulda wa Hewani, kijiji cha kando ya mto Tana, alikuwa mtu wa kujisifu, na mwaka ule wa 1956 alisifu mikono ya bintiye kuliko mpunga wake.

"Tazameni Priscilla wangu," aliwaambia wenzake wakitwanga. "Hagusi chungu mpaka anawe mara saba. Wenu wanajifutia kanga."

Kumbe alisifu ugonjwa.

Mikono ikapasuka, ikatoka damu. Vidole vikawa vinarukaruka vyenyewe, vikombe vikimponyoka. Kisha msichana akayakataa maji ya ndani ya boma, ile miti iliyochomekwa mtoni ili mamba wasiwafikie wateka maji.

"Yamekanyagwa na watu," akasema, akapita nje, kwenye kina. Mara ya tatu Hulda alimvuta kwa nywele hadi ukingoni.

"Pepo huyo, shemeji," akasema Nehemiah, ndugu wa marehemu mumewe. "Apigiwe ngoma, acheze."

"Ngoma kampigie mkeo."

Hulda akampakia bintiye mtumbwini hadi Garsen. Dresa, mganga msaidizi wa zahanati, Mworma aitwaye Wario, akamsikiliza msichana kifua kwa muda mrefu.

"Mama, aliwahi kuvimba magoti?"

"Mwanangu hajaugua."

"Moyo wake una sauti mbaya. Ukinificha, utamzika."

Hulda akatazama sakafu. "Wakati wa mafuriko. Lilianza koo, likafuata goti, kisha kiwiko. Nikamsugua mafuta ya simsim, nikanyamaza. Watu walikuwa wanakuja kuposa."

"Homa hiyo imemkaa moyoni, na kichwani imefika. Daktari aliyenifundisha aliwaona wengi: mikono kuruka, na wazo moja kumng'ang'ania mtu. Si pepo, wala si ukaidi. Wakitaka apungwe, asicheze ngoma; moyo hauwezi. Sindano kila mwezi, homa isirudi. Kunawa huenda kukapungua, siahidi."

Waliporudi, Hulda akakata miti, akaingia mtoni hadi kiunoni, akachomeka boma dogo la mtu mmoja.

"Umewajengea mamba bafu?" Nehemiah akauliza ukingoni.

"Na wewe huna zamu."

Priscilla akaja, akasimama. "Mama, umeyakanyaga."

Hulda aliogopa jibu lake mwenyewe, lisije likakataliwa. "Mto haukai. Niliyoyakanyaga yanakwenda Kipini, baharini; haya ni mengine."

Msichana akafikiri, vidole vikiruka. Akaingia.

Hulda akabaki nje ya miti na upondo wa mtumbwi, macho majini, akihesabu kila bintiye anaponawa. Tano, sita, saba. Priscilla akaanza tena. Hulda akahamishia upondo mkono wa pili.