Vumbi la Shaba kwenye Karai

Makosa yangu mengi nimeyasahau. Hili moja nililiona kwa macho, ndani ya karai, likimetameta.

Gari letu ni kuukuu, la gia za mkono. Tangu watoto wahame nyumbani kwetu Umoja, kazi yake ni moja: kumpeleka mke wangu mazoezi ya goti kila Jumanne. Goti lake haliwezi ngazi za matatu. Mwezi uliopita gia ya pili ilikwaruza, kisha ikakataa kuingia tukiwa katikati ya mzunguko wa Jogoo Road. Mke wangu alishika mlango kwa mikono miwili. Tulipofika nyumbani akasema hapandi tena.

Nikalipeleka mtaa wa Mbotela kwa fundi, mama wa makamo aliyerithi gereji ya babake. Alijilaza chini, akaanza na nati ya kujazia oili ya giaboksi.

"Si umwage kwanza?" nikauliza.

"Nimwage, halafu hii ya juu ikatae kufunguka? Gari litalala hapa kavu, mzee wangu, na wewe utarudi mgongoni mwa nani?"

Ya juu ilipolegea, akafungua ya chini, na oili ikashuka kwenye karai, nyeusi. Akalisogeza juani, akaikoroga kwa kijiti. Nikainama. Ndani yake kulikuwa na punje za dhahabu zisizohesabika, zikizunguka polepole, zikizama, zikiibuka. Sijaona kitu kizuri hivyo gereji.

"Ni shaba," akasema. "Zile pete zinazosaidia gia kuingia. Nani alikuwekea oili?"

"Mimi."

Nilikuta chupa mbili za oili ya gia dukani, moja imeandikwa GL-4, nyingine GL-5. Mke wangu aliniambia, "Uliza fundi." Mimi na kidato changu cha nne nikamjibu kwamba tano inazidi nne. Mtaani kwetu nani hununua namba ndogo na kubwa ipo?

"Hiyo tano ni ya difu, ile ya kugawia magurudumu nguvu," fundi akasema. "Dawa yake inalinda chuma, lakini shaba inaila. Umeitumia muda gani?"

"Miaka tisa."

Akapiga mluzi. Miaka tisa pete zile nyembamba zililiwa gizani, na kila asubuhi ziliupokea mkono wangu. Zilihamisha watoto wote na magodoro yao. Hazikulalamika hadi mwezi uliopita.

Akajaza oili ya GL-4 mpaka ikachuruzika kwenye tundu la juu. "Nenda pole. Kanyaga klachi, hesabu mbili, ndio uvute. Ikikataa, hiyo giaboksi imekwisha."

Jumanne mke wangu alisimama kando ya gari na fimbo yake.

"Umemuuliza fundi?"

"Nimemuuliza. Ni mimi niliyeiharibu, na ulinionya."

Akanikabidhi fimbo. "Haya, nifungulie mlango."

Kwenye mzunguko nikakanyaga klachi. Moja. Mbili. Nikavuta. Gia ikasita, nikaihisi kiganjani ikitafuta njia, kisha ikaingia bila sauti. Nikamtazama mke wangu. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani.

"Pumua basi, Baba," akasema. "Si imeingia?"