Mimba ya Mutahi wa Kompyuta

Wamucii wa Majengo alijifunza kuandika akiwa na miaka hamsini na mitatu, katika darasa la ngumbaru, na tangu siku hiyo madaftari hayakupumzika. Aliuza sukuma wiki karibu na msikiti. Wateja wakipungua, alimwandika Fisi. Wala si fisi wa porini, anayekula mizoga kama mnyama mwenye adabu. Huyu alichaguliwa mwenyekiti wa chama cha kahawa, akavaa tai, akaila mizani ya kiwandani pamoja na mawe yake, kisha akateremshia na ripoti ya mwaka. Waliokuja kununua sukuma walicheka mpaka wakasahau sukuma.

Mwaka wa tisini na tisa, Mutahi akafungua chumba cha kompyuta hapo mtaani. Kompyuta zilikuwa mbili, moja ikifanya kazi. Mutahi alikuwa amekaa Nairobi miezi minne mizima, kwa hivyo hapakuwa na jambo asilolijua. Alimweleza Wamucii kwamba Fisi akiingia kwenye intaneti atasomwa hadi Marekani, bila nauli, bila viza. Kisha akatoa fomu ya Kiingereza, kurasa mbili, maandishi madogo kama mayai ya chawa.

"Weka sahihi hapa, cucu, nyanya yangu. Ni fomu tu."

Wamucii alizijua hizo "fomu tu". Baba yake aliweka kidole kwenye fomu tu wakati wa kupimwa mashamba, na tangu hapo shamba lake la upande wa Sagana limependeza sana machoni pa mwenyewe mpya. Akataka kujua karatasi inasema nini. Mutahi akajikuna shingo, akafafanua kwamba hadithi ikiwekwa kwenye websaiti inakuwa ya websaiti, na websaiti ni ya Mutahi. Ndiyo maendeleo.

Wamucii akairudisha fomu, akachana karatasi ya daftari, akaandika yake: Mutahi ni muhoi. Alime, asiuze. Jina langu lisiondolewe kwenye hadithi. Nikisema ondoa, aondoe.

Muhoi ni mtu aliyeomba kipande cha shamba akapewa alime ale. Mahindi yake, udongo si wake. Mutahi aliicheka ile karatasi hadi machozi, akaitia sahihi ndefu yenye mikia mitatu. Karatasi ya mama wa sukuma itamfanya nini mtu aliyekaa Nairobi miezi minne? Wamucii akaifunga kwenye ncha ya leso, pamoja na ugoro, kisha akampa daftari la Fisi ainakili.

Akina mama wa kanisa walikuwa wamemwahidi kumchapishia Fisi awe kijitabu. Walikuwa wanatafuta tu picha ya jalada. Basi Jumamosi moja Sophie, binti yake Wamucii anayefanya kazi Kenol, akaja kumsalimia mama, akapita mlangoni pa Mutahi. Hapo palibandikwa hadithi ya Fisi, imechapwa kutoka kwenye intaneti, na juu yake: Imetungwa na Mutahi. Haki zote ni zangu. Akina mama wa kanisa walikuwa wameshaiona, na wakaanza kunong'ona kwamba hawawezi kuchapisha mali ya kijana wa watu. Kwa ufupi, Wamucii alikuwa amegeuka mwizi wa Fisi wake mwenyewe.

Akamshika Sophie mkono, wakaenda. Chumbani kulikuwa na wateja wanne waliopanga foleni ya kompyuta moja. Wamucii akakunjua karatasi yake mezani. Mutahi hakuitazama, alisema kitu kikishaingia kwenye intaneti ni cha kila mtu.

"Na wewe ndio kila mtu?" Wamucii akauliza. "Shamba kuwa kando ya barabara haifanyi iwe ya barabara."

Mutahi akajibu kwamba hadithi za fisi hata nyanya yake alizijua, na hakuna wa kuonyesha kwamba hii si yake. Wamucii hakubisha. Alimwomba tu Sophie asome mwisho wa hadithi iliyobandikwa mlangoni, kwa sauti.

Sasa, mwenye shamba mwerevu hupanda itoka mpakani, ule mmea ambao ukiung'oa leo, kesho umechipua tena unakucheka. Wamucii alikuwa amepanda wake kwenye mstari wa mwisho, mahali ambapo mwizi mvivu wa kusoma hafiki. Sophie akasoma:

"Haya yote niliyaona kwa macho yangu, mwaka wa mvua ya mawe, nikiwa na mimba ya miezi saba ya binti yangu Sophie."

Fundi wa viatu aliyekuwa kwenye foleni akamtazama Mutahi tumboni.

"Mama," Sophie akamwambia Mutahi kwa heshima zote, "mbona hukuwahi kuniambia?"

Wamucii naye akataka kujua kama uchungu ulimsumbua sana, maana siku ile hakumwona wodini.

Mutahi akaketi kwenye kompyuta bila kuambiwa. Wamucii akasimama nyuma yake, akamtajia jina lake herufi moja moja. Kwa haraka Mutahi akaandika *i* moja mwishoni.

"Mbili," Wamucii akasema. "Shamba haina mpaka ya upande moja."

Mutahi akauliza kama afute pale palipoandikwa haki zote ni zangu.

"Hiyo wacha. Ni maneno mzuri. Ilikuwa tu imekaa kwa mtu mwingine."

Kijitabu kilitoka kabla ya Krismasi. Mutahi aliendelea kulima kwenye websaiti yake kama muhoi mwema. Na Sophie akija kutoka Kenol, watu wa Majengo humuuliza kama ameshapita pale kwenye kompyuta kumwamkia mamake.