Jicho Katikati ya Barafu

Nakumbuka mchana mmoja kule Kisegi, kando ya ziwa, mwanangu, mchana mweupe usio na upepo. Ziwa lilikuwa limetulia kama maziwa ndani ya kibuyu, na hata mbwa hawakubweka.

Nilikuwa kijana, nimekuja nyumbani kwa likizo. Kazi yangu Nairobi ilikuwa kupima barafu ya Mlima Kenya bila kuigusa. Setilaiti ilipita juu ikapiga picha, nami nikakaa mezani na rula, nikilinganisha picha mpya na ya zamani nione barafu imerudi nyuma kiasi gani. Kila mara ilikuwa imerudi. Ni kama kumchungulia mgonjwa dirishani, unaona anavyokonda lakini humsikii akikohoa.

Dani, yaani nyanya yangu mzaa baba, alitaka kuiona hiyo kazi. Nikatandaza picha mbili mkekani, nikazigandamiza kwa magunzi ya mahindi. Akainama, kisha akaweka kidole katikati ya ule weupe.

"Nyathina, mtoto wangu, hiki ni nini kinachonitazama?"

Kwenye picha ya kwanza kilikuwa kama punje ya mtama. Kwenye ya pili kilikuwa jicho.

"Huenda ni kivuli, dani. Huenda ni maji yameila barafu kwa chini. Sina hakika."

"Na Okelo?"

Okelo ni mtoto wa baba yangu mdogo, na dani ndiye aliyemlea. Siku hizo alikuwa mlimani kulekule, akiwabebea wapimaji wa kizungu fito za kuchomeka kwenye barafu. Kesho yake wangeukanyaga weupe huohuo.

"Ulimwambia?"

"Nikikosea watanicheka. Wataniita tula."

Tula ni bundi. Kwetu, akilia juu ya paa hufukuzwa kwa kijinga cha moto, maana husemwa anaita kifo.

Dani akacheka, cheko kavu. "Mimi nimewafukuza wengi. Sijaona hata mmoja aliyeua mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Inuka!"

Nikaenda mpaka Homa Bay, kwenye simu ya posta, nikapiga simu kwenye lango la mlima. Okelo akaitwa.

"Tula wangu!" akasema. "Huko ziwani umekosa paa la kulilia?"

"Cheka tu, ndugu. Lakini kabla hujafika katikati, tupa ufito mmoja mbele yako."

"Na huo ufito ukipotea niwaambie wazungu kwamba tula ameula?"

"Waambie hivyohivyo."

Aliutupa. Alinisimulia baadaye, sauti imemshuka. Ufito wenye kitambaa chekundu ulichoma theluji laini, ukasimama kidogo kama mtu anayefikiri, kisha ukazama wima. Wakatega masikio wausikie ukigonga chini. Haukugonga. Walichosikia ni maji yakitembea gizani chini ya miguu yao, kama watu wengi wanaonong'ona ndani ya nyumba iliyofungwa. Wakarudi nyuma, kila mmoja akikanyaga nyayo zake mwenyewe.

Picha ziliendelea kuja, mwanangu, na lile jicho likaendelea kula uso wa barafu. Miaka ilipopita Okelo akapanda tena. Palipokuwa na barafu pamebaki mwamba mtupu, na juu ya mwamba umelala ule ufito, kitambaa bado chekundu. Hakuugusa.

"Ndugu," aliniambia, "ule ufito ulikuwa umenishikia nafasi yangu."

Setilaiti bado inapita pale. Inapiga picha ya mawe kama mgeni anayebisha hodi kwenye boma lililohamwa.

Basi nisikilize, wewe ambaye siku hizi unaitazama dunia nzima kutoka juu kwa simu ya mfukoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa hauzibwi kabla haujatajwa. Ukiona jambo, liseme. Kama huna hakika, sema huna hakika, ila usinyamaze ukingoja hakika, maana mwenzako anaweza kuwa tayari amefunga viatu. Kuchekwa kunapita, mimi nimechekwa na Okelo maisha yangu yote, na kila cheko lake nalipokea kama zawadi.

Mungu akupe macho ya tula, na ulimi usioogopa kijinga cha moto. Na kila utakapopiga simu, apokee mtu aliye hai.